"Asha and I" au "Asha and me"? Nilikosea miaka mingi, naeleza nilivyoelewa

Mkuu, umeuliza utajuaje pa kuweka "I" na pa kuweka "me", maana kwetu "mimi" ni "mimi" tu popote inapokaa. Swali lako limenigusa, kwa sababu kosa hili nimelibeba miaka mingi nikidhani ndicho Kiingereza safi.

Shuleni, kila aliyesema "Me and Asha went" alisahihishwa: sema "Asha and I". Sababu hatukuambiwa. Nikatoka pale nikiamini "and I" ndiyo adabu na "and me" ni uzembe. Nikafika kazini, nikaandika: "Please send the report to Asha and I." Mama aliyekuwa akinielekeza kazi akaizungushia ile "I" kalamu nyekundu, akaniambia, "Mtoe Asha, usome tena." Nikasoma: "send the report to I". Nilielewa palepale.

Hadi leo natumia njia hiyo. Mtoe mwenzake, kiwakilishi kibaki peke yake, sikio litakuambia. Anayetenda ni "I, he, she, we, they". Anayetendwa, au anayekuja baada ya kihusishi kama "to", "for", "with" na "between", ni "me, him, her, us, them". Inayowanasa wengi, hata waliozaliwa na lugha hiyo, ni "between you and I". Nadhani "you" ndiyo inayowapoteza, kwa kuwa haibadiliki. Zamani ilibadilika: "ye" alikuwa mtenda, "you" mtendwa, kisha "you" ikachukua nafasi zote mbili.

Wala usidhani jambo hili ni geni kwetu. Tazama "alimwita": "a" ndiye "he", "mw" ndiye "him". Sisi tofauti tunaiweka ndani ya kitenzi. "Ulimwita" ikigeuka inakuwa "alikuita", "u" imekuwa "ku", wakati "you" ya Kiingereza haitikisiki. Tatizo liko kwenye nafsi ya kwanza: "nilimwita", "aliniita", ni "ni" ileile pande zote mbili, na hapohapo ndipo Kiingereza kinapotaka tofauti. Nadhani ndiyo maana "me" inatusumbua.

Usikimbilie "myself" kukwepa uamuzi. "Contact Asha or myself" naiona kila siku kwenye barua za kiofisi. Andika "me", inatosha. "Whom" nayo, jiulize jibu lingekuwa "he" au "him". Likiwa "him", ni "whom". Katika mazungumzo "who" inakubalika, ila kwenye maandishi rasmi baada ya kihusishi, kama "to whom", iache ilivyo. Na mtu akiuliza nani yuko mlangoni, jibu "It's me". "It is I" wapo wanaoitetea kwa sarufi ya zamani, lakini masikioni inakwaruza.

Kwenye "than" ndipo ninapokuomba utulie. "Anakupenda kuliko mimi" kwa Kiswahili ina maana mbili: anakupenda kuliko ninavyokupenda mimi, au kuliko anavyonipenda mimi. Kwa Kiingereza cha vitabuni ya kwanza ni "She loves you more than I", ya pili "more than me". Ila watu wengi husema "than me" kwa zote mbili, kwa hiyo mimi huongeza kitenzi: "more than I do", au "more than she loves me".