Binti yangu anaenda kusomea mawingu ya Antaktika, bahari inatengenezaje wingu?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mama, naishi Tabata. Mwanangu wa kike kamaliza masters ya fizikia na kapata nafasi ya PhD nje, kila kitu analipiwa, ila anasema anaenda kusoma jinsi bahari za huko kwenye barafu zinavyotengeneza mawingu. Baba yake kanuna, anasema mawingu si hata hapa yapo, kila masika Jangwani panafurika, kwa nini asisomee hayo. Majirani nao wakiniuliza nashindwa kueleza. Bahari inatengenezaje wingu, na kwa nini mpaka huko?

JIBU: Shikamoo mama, na hongera sana, maana PhD yenye ufadhili haipatikani kirahisi. Baba mwambie swali lake ni la msingi na jibu lake lipo.

Shuleni tulifundishwa jua linapiga bahari, mvuke unapanda, juu kuna baridi, wingu hilo. Ni kweli, ila kuna hatua inarukwa. Mvuke peke yake haujikusanyi ukawa tone, lazima upate kitu cha kushika, yaani chembe ndogo ya vumbi au chumvi au moshi. Mtu mmoja wa Uskoti, John Aitken, alionyesha hilo miaka ya 1880, hewa yenye vumbi ilitoa ukungu ila ile aliyoichuja vumbi haikutoa.

Sasa sisi Dar chembe tunazo za kumwaga, foleni ya Mandela Road, majiko ya mkaa, watu wanachoma taka, kila sentimita moja ya ujazo wa hewa ina maelfu na maelfu. Aktiki, kule Ncha ya Kaskazini, wakati wa kiangazi kuna siku chembe zinazoweza kushika wingu zinashuka chini ya 10. Na Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika, hewa yake ni kati ya safi kuliko zote duniani. Hapo ndipo sababu ya safari ilipo mama, huku kwetu huwezi kujua bahari imechangia nini kwenye wingu maana moshi wetu umefunika kila kitu, kule unaiona bahari yenyewe ikifanya kazi.

Inafanyaje? Kwanza povu la mawimbi likipasuka linarusha vitone hewani, maji yanakauka, inabaki chumvi pamoja na mabaki ya viumbe wa baharini. Pili, na hii ndio inanivutia mimi zaidi, kuna vijimea vya baharini ambavyo kimoja kimoja huwezi kukiona kwa macho, vinaitwa fitoplanktoni, vinasababisha gesi yenye salfa iitwayo dimethili sulfidi, ni sehemu ya ile harufu ya bahari. Gesi ikifika hewani inageuka asidi, na asidi hiyo inazaa chembe mpya kabisa. Mwaka 1987 wanasayansi wanne, Charlson, Lovelock, Andreae na Warren, walitoa hoja kwamba kwa njia hii vijimea vinaweza kuwa vinasaidia kupoza dunia, vikiongezeka mawingu yanang'aa zaidi na kurudisha jua juu. Hoja imepingwa sana tangu hapo, mambo yamekutwa ni magumu kuliko walivyodhani, ila ubishi huo umezaa utafiti mwingi. Aktiki nako wamekuta iodini nayo inazaa chembe hasa vuli ya huko bahari inapoanza kuganda.

Halafu kuna suala la barafu. Ushawahi kutoa soda friza ikiwa bado maji, ukaifungua tu ikaganda hapo hapo? Matone ya wingu nayo yako hivyo, yanaweza kubaki maji mpaka karibu nyuzi 38 chini ya sifuri kama hayajapata chembe ya kuyaanzishia barafu, na chembe za aina hiyo Bahari ya Kusini ni chache mno. Kompyuta za kutabiri tabianchi zilikuwa zinayagandisha mawingu yale mapema, kwa hiyo kwenye hesabu zao jua lilikuwa linapenya kwenda baharini kuliko inavyotakiwa. Sisemi wingu la Antaktika litakuja kunyesha Tabata, hapana. Ila ukikosea joto la upande mmoja wa dunia, mkanda wa mvua wa tropiki unaweza kuhama ndani ya hesabu, na mkanda huo ndio unaotuletea vuli na masika. Kwa hiyo Jangwani anayoisema baba imo humo humo.

Kazi yenyewe ni ya subira. Melini wanavuta hewa ipite kwenye filta, upepo ukileta moshi wa bomba la meli sampuli ya muda huo inatupwa. Baadaye maabara wanaiosha filta, wanaweka matone kwenye visahani vidogo, wanayapoza taratibu huku kamera inaangalia tone gani limeganda kwenye nyuzi ngapi.

Kabla hajaondoka mwambie aulize vitu viwili: ufadhili unaisha mwaka gani, na msimamizi wake anakutana na wanafunzi wake mara ngapi.

SWALI: Mambo kaka, niko form five PCM, Kigamboni. Na mimi napenda mambo ya hali ya hewa, ni lazima niende nje?

JIBU: Poa mdogo wangu. Si lazima, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina digrii ya meteorolojia na PCM yako inafaa. Kemia usiidharau, hapo juu umeona salfa na iodini zinavyofanya kazi. Na anza sasa hivi kujifunza kuandika programu za kompyuta, hata kwa kuazima laptop ya mtu, maana muda mwingi watu hawa wako kwenye data.