Kabla hujazima kwantaizi, soma hapa: nilichojifunza kwa J Dilla

Kuna mchanaji mmoja nilimharibia Jumamosi nzima. Alikuja gheto kwangu Mbagala kwa daladala mbili, daftari kwapani, amejiandaa kurekodi. Nami nilikuwa nimempikia biti niliyoiona ya kimataifa: kiki, ile ngoma nzito ya chini, inachelewa; snea, ile inayolia "ta", inawahi; haihati, vile visahani vinavyolia "tsi tsi", inajiendea tu. Akaingia mara ya kwanza, akatoka nje ya mdundo. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu akavua hedifoni, akaniangalia.

"Braza, hii biti imelewa, au ni mimi sijala?"

Ilikuwa imelewa. Niliilewesha mwenyewe kwa kumwiga mtu ambaye sikuwa nimemsikiliza vizuri.

Mtu huyo ni James Yancey wa Detroit, Marekani, yaani J Dilla, prodyuza wa hip hop aliyezaliwa Februari 7, 1974. Vijana wa studio wote walikuwa wananiambia kitu kimoja: siri ya Dilla ni kwamba alizima kwantaizi. Kwa asiye wa fani, kwantaizi ni kile kitufe kinachozivuta noti zikae sawa kwenye mistari hata kama vidole vyako vimeteleza. Basi nikazima, nikapiga ovyo, nikaita staili.

Sikuelewa mpaka nilipoanza kuihesabu mashine yake. Alitumia MPC3000 ya Akai, mashine ya kupikia biti kwa kugonga vitufe, ambayo inagawa kila pigo vipande 96. Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika, kipande kimoja ni kama milisekunde 7. Dilla aliweza kuisogeza snea iwahi kwa vipande vichache tu, akaiacha hapohapo, na mzunguko unaofuata ukaikuta hapohapo. Haihati huenda imenyooka, kiki inayumba kidogo, na hizo nyendo mbili zinasuguana ndani ya biti moja. Mlevi hakanyagi shimo lilelile kila akipita. Dilla alilikanyaga lilelile, kila mzunguko.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu, usianze nilikoanzia mimi. Fungua FL Studio, programu ya kupikia biti kwenye kompyuta, ambayo usipobadilisha mipangilio yake nayo inagawa pigo vipande 96. Panga kila kitu kikiwa kimenyooka kabisa, uiache izunguke mpaka ikuchoshe. Kisha chukua snea peke yake, ivute kushoto vipande vitatu, yaani iwahi. Usiguse kingine. Sasa chana juu yake wewe mwenyewe, hata kwa kuhesabu moja mpaka nne, kwa sababu sikio la prodyuza aliyekaa kwenye kiti hudanganya, mdomo haudanganyi. Ukianguka, rudisha kipande kimoja. Baada ya hapo ndipo uende kwenye swingi, kile kipimo cha kuifanya biti iyumbe. Kwenye mashine za MPC inaanzia asilimia 50, yaani hakuna kuyumba, mpaka 75, na 66 ni ule mwendo wa tatu-tatu, pigo likigawanywa mara tatu. Mimi hukaa kati ya 54 na 58, kwa ala moja tu ya biti, si zote. Besi naiweka mwisho, na naipiga kwa mkono, ikichelewa kidogo kama mtu anayeburuza kandambili.

Na kama sikio bado halishiki, nenda nje. Ukikuta mdundiko unapita mtaani, achana na wachezaji, mwangalie mpigaji mmoja tu. Utaona mkono wake unafika kidogo baada ya pale ulipoutegemea, na hakuna anayelalamika. Nilijifunza mengi hapo kuliko kwenye video za mafunzo zilizonimalizia bando.

Upande wa riziki, Dilla alinifunza kwa njia nyingine. Hakupanda kwa kuwa na studio kubwa. Amp Fiddler, mpiga kinanda wa hukohuko Detroit, ndiye aliyemwonyesha MPC, na ndiye aliyemkutanisha na Q-Tip, rapa wa kundi la A Tribe Called Quest, mwaka 1994. Kanda zake za biti zikaanza kutembea mkono kwa mkono, na mwaka uliofuata kazi yake ilikuwa tayari kwenye albamu ya kundi la rap la The Pharcyde. Lakini angalia: alipofanya kazi na A Tribe Called Quest, biti zilitoka kwa jina la kundi la maprodyuza, The Ummah, na wasikilizaji wengi hawakujua mkono ulikuwa wa nani. Hata jina lake la mwanzo, Jay Dee, lilikuwa linachanganywa na la Jermaine Dupri, ndipo akawa J Dilla.

Mimi nina ngoma mbili zilizopigwa redioni bila jina langu. Nilituma biti kwa WhatsApp, faili linaitwa "mpya2". Nani angejua? Siku hizi jina langu na kasi ya biti viko kwenye jina la faili, na makubaliano tunaandika kwenye kaunta buku, tunasaini wote, napiga picha. Hata kama ni elfu thelathini. Hata kama ni binamu. Hasa kama ni binamu.

Kuhusu kukata nyimbo za zamani, yaani kuchukua kipande cha wimbo wa mtu ukakitumia kwenye biti yako: Dilla alikata sana, nami niliwahi kukata gitaa la bendi moja ya dansi, nikaenda kwa mzee mmoja aliyepiga humo kuomba ruhusa baada ya kumaliza. Kosa hilo, omba kabla. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasikiliza simu yangu akiwa ameisogeza sikioni. Hakuuliza hela kwanza. Alisema, "Mwanangu, umemkata mpiga besi kabla hajamaliza kusema." Nikarudi nyumbani, nikakata upya. Ilibidi nihamishe nusu ya biti.

Jambo jingine linanikera. Watu hupenda kusimulia kwamba albamu yake ya mwisho ya ala tupu, *Donuts*, aliitengeneza yote akiwa kitandani hospitalini. Ilitoka siku aliyotimiza miaka 32, akafariki siku tatu baadaye, kwa hiyo hadithi inajipendekeza yenyewe. Ni kweli aliumwa sana, na damu yake ndiyo iliyokuwa na tatizo. Lakini msingi wa kazi ile ni kanda ya biti aliyokuwa nayo kabla. Alikuwa na akiba. Prodyuza mdogo anayekesha siku nne bila kula akidhani mateso yatamletea biti, namwambia akalale.

Mimi nafanya biti moja fupi kila asubuhi kabla umeme haujaanza visa vyake, naihifadhi sehemu mbili. Nyingi ni mbovu. Jioni naziwasha kwa spika ndogo wakati mke wangu anaosha vyombo, simwambii kitu, naangalia kichwa chake tu.