Kipoza kipya, kadi bado inachemka

Ndugu, unasema umefunga kipoza kipya kwenye kadi ya grafiki, feni zinazunguka, lakini joto halishuki. Mimi ningeanza na pedi za memori, vile vipande laini vinavyopitisha joto kutoka chipu za memori hadi kwenye kipoza. Chipu za memori hazilingani kimo na chipu kuu: pedi nyembamba huacha upenyo, na nene mno huinua kipoza kisikalie chipu kuu sawasawa. Nusu milimita tu inatosha kuharibu kazi. Fungua uangalie, pedi iliyoguswa vizuri hubaki na alama ya chipu. Futa pasti ya zamani, ule uji wa kupitisha joto kati ya chipu kuu na kipoza, kwa spiriti, upake mpya. Skrubu kaza kwa kukingamisha, kidogokidogo. Tafadhali usimalize upande mmoja kwanza, chipu kuu haina kifuniko na pembe zake humeguka upesi.