"Mzee Reli": jina la utani, lakabu au a.k.a.?

SWALI: Naandaa wasifu wa marehemu babu yetu, utakaosomwa kwenye arobaini yake hapa Tanga. Majirani wengi hawalijui jina lake la kwenye vyeti. Walimwita Mzee Reli, kwa kuwa alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Niliandika "jina lake la utani Mzee Reli", mjomba akakataa, akasema marehemu hataniwi. Binti yangu anayesoma Mombasa anataka "lakabu". Kijana aliyetuchapia akaweka "a.k.a." Lipi sahihi?

JIBU: Pole kwa msiba. Mjomba wako ana haki ya kulikataa neno hilo, ingawa sababu aliyoitoa siikubali. Marehemu hutaniwa, tena hapo hapo msibani. Mngoni akifiwa, mtani wake Mhehe huweza kuja akaigiza mwendo na sauti ya marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Ni haki yake. Ndivyo ilivyo kwa Wazaramo na Wanyamwezi, na ndivyo ilivyo kwa babu na mjukuu ndani ya nyumba moja. Utani ni uhusiano unaojulikana nani yumo na nani hayumo. Kwa hiyo jina la utani, kwa maana yake kamili, ni lile ulilopewa na mtu mwenye ruhusa ya kukutania, na mara nyingi limebeba kijembe ndani yake: Kipara, Domo, Mbilikimo. Mtani analitamka kwa sauti. Mwingine akilitamka, ni ugomvi.

Siku hizi tumelinyoosha neno hilo mpaka limefunika kila jina lisilo la cheti, na hapo ndipo ninapopinga. Mwalimu Nyerere hakuitwa Mwalimu kwa utani. Alifundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa, na watu wakabaki na jina hilo kwa heshima. Tazama pia mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Jina alilokulia ni Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye hadhi, alipewa ukubwani kwa kutukuzwa. Ukiandika "jina lake la utani ni Siti" umemshusha pale pale alipopandishwa.

Majina ya namna hii ndiyo yenye haki ya kuitwa lakabu: jina la ziada linalotokana na sifa, kazi, umbo au tukio, mtu akiwa amepewa na wenzake au amejipa mwenyewe. Binti yako amelitoa darasani. Shule za Kenya hufundisha lakabu katika fasihi simulizi, kwenye fungu la semi, pamoja na methali, vitendawili na nahau. Tanzania neno hilo tunalo kwenye kamusi na kwa washairi, ila mitaani halisikiki sana, na huenda wazee wenu wakauliza maana yake. Mshairi Ahmad Nassir ni Malenga wa Mvita. Mwanamuziki Marijani Rajabu ni Jabali la Muziki. Hizo ni lakabu, na hazina chembe ya mzaha. Lakabu huweza pia kuanzia kwenye mzaha ikapevuka. Rais Ali Hassan Mwinyi aliitwa Mzee Ruksa mitaani baada ya kulegeza masharti ya biashara miaka ya 1980, na leo jina hilo hutajwa kwa mapenzi.

Ukilichukua neno hilo, angalia upatanisho. Ni lakabu yake, lakabu zake. "Lakabu lake" naiona magazetini kila wiki, nadhani kwa sababu mwandishi ana "jina lake" kichwani.

Kuhusu a.k.a., kifupi cha Kiingereza "also known as", hiyo iacheni kwenye mabango ya muziki, ambako imeshapata kwao: Joseph Mbilinyi a.k.a. Sugu. Hapo tunazungumzia jina la usanii, ambalo msanii amelichagua na analifanyia kazi. Kwenye wasifu wa mzee wa arobaini inakwaruza sikio, na msomaji wenu atakwama akitafuta namna ya kuitamka.

Kiswahili kina njia zake za kazi hiyo, tena za zamani. Tippu Tip alipoyasimulia maisha yake, kitabu kiliitwa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Neno hilo moja, yaani, lilitosha. (Mwenyewe alisema jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki, wengine walisema ni kwa sababu alikuwa akipepesa macho. Lakabu nyingi zina hadithi mbili, ya mwenyewe na ya watu.) Leo tunalo pia almaarufu, ambalo wanahabari wa Kenya wanalipenda sana. Ila wasiongeze "kama": "almaarufu kama Mzee Reli" inarudia kazi iliyokwisha fanywa. Nami singelitumia kwa mshtakiwa, maana umaarufu kwetu una harufu ya sifa. Mahakama za Tanzania huandika alama ya @ kati ya jina na jina, na kazi inaisha.

Majina mengine mawili yasichanganywe na haya. Jina la kubuni ni lile analopewa mtu kwenye habari ili asitambulike. Jina bandia ni la kudanganya, na ukimwandikia mtu hivyo, umemtuhumu.

Sasa wasifu wenu. Babu hakupewa jina na watani. Alipewa na mji mzima kwa kazi yake, na aliitika. Kwa hiyo andika: "Marehemu," kisha majina yake matatu, kisha "almaarufu Mzee Reli". Kama almaarufu inawapa wazee ugeni, andika "aliyejulikana na wengi kwa jina la Mzee Reli". Ni ndefu kidogo lakini inasomeka vizuri kwa sauti. Alama za kunukuu si lazima. Herufi kubwa ni lazima kwenye M na R, kwa sababu hilo ni jina lake kamili kama lile la kwenye cheti. Na kama yupo mtani aliyekuwa na jina lake mwenyewe kwa babu, msiliweke kwenye karatasi. Mpeni nafasi asimame aliseme yeye.