Jibu: Je, mlezi wa walimu wapya naye anahitaji msimamizi?

Dada, umeuliza kama wewe unayewalea walimu wapya huko Kasulu unahitaji msimamizi, yaani mtu wa kukutana naye mara kwa mara akusaidie kuitazama kazi yako ya ulezi, na una miaka 15 kazini. Unahitaji, tena sana.

Mimi nawalea vijana wa ufundi hapa Ujiji. Mwaka juzi kijana mmoja alikuwa akinipigia usiku, nami nikawa namtatulia kila kitu: ada, ugomvi wa nyumbani, hata kumwombea kazi. Nilidhani ndiyo huruma. Mzee ninayekutana naye kila mwezi akaniuliza, "Hapo unamsaidia yeye, au unatuliza hofu yako?" Nilikaa kimya muda mrefu. Peke yangu nisingeliona hilo. Kinyozi hajinyoi.

Brigid Proctor, mtaalamu wa ushauri nasaha wa Uingereza, alitaja kazi tatu za usimamizi huu: kulinda maadili, kukuza ujuzi, na kumrudishia mlezi nguvu. Ya tatu ndiyo tunayoipuuza, na ndiyo inayotumaliza.

Lakini msimamizi huyo asiwe bosi wako, maana utamficha makosa. Ukikosa mtaalamu, tafuta walezi wenzako wawili mkutane mara moja kwa mwezi, kila mmoja alete jambo linalomkosesha usingizi. Majina ya walimu yasitajwe.