Mteja hununua alichokizoea: kwa mnaoanza kuuza mafuta ya alizeti Dodoma

Wadogo zangu mnaoanza kusambaza mafuta ya alizeti hapa Dodoma, kuanzia Majengo hadi Sabasaba na Nzuguni, jambo moja litawasumbua mapema: mafuta ni mazuri, bei haina shida, lakini mwenye duka anakwambia, "Pita siku nyingine." Usimkasirikie. Bado hajakuzoea.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Marekani alichapisha majaribio ambayo kila muuzaji angepaswa kuyajua. Aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana, alama zinazofanana na maandishi ya Kichina na picha za sura za watu wasiowajua, vingine mara chache, vingine hadi mara 25. Hakuna aliyewasifia chochote kati ya hivyo, lakini kwa ujumla walivyoviona mara nyingi ndivyo walivyovipa alama nzuri. Kuona tu kulitosha.

Ndiyo maana nasisitiza ratiba kuliko maneno mengi. Kama siku yako ya Majengo ni Jumanne, iwe Jumanne, hata ukijua hutauza. Salimia, ukiweza sema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, uliza hali, ondoka. Lebo ya dumu isibadilike kila mzigo.

Ila mazoea peke yake hayatoshi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu aliyeanza kwa kukichukia kitu, kumletea tena na tena kunaweza kumwongezea chuki. Mfikirie mama lishe alfajiri: karai liko motoni, unga wa maandazi umeshaumuka, wateja wamekaa kwenye benchi. Anamimina mafuta yako, anatumbukiza maandazi, povu linapanda mpaka linamwagikia mkaa. Moshi unajaa, watu wanakohoa, mmoja anainuka na kuondoka. Kosa ni mafuta kutosafishwa vizuri, basi. Lakini tangu siku ile, akiiona lebo yako tu, kabla hajafikiri lolote, moyo unakataa. Hatakueleza sababu. Atasema, "Hayo siyapendi."

Likitokea hilo, rudi siku hiyohiyo. Shikamoo kwanza, pole ya pili, maelezo baadaye. Mbadilishie dumu bila kubishana habari za moto mkali, kisha mwombe ukae mpaka karai la kwanza litoke. Maneno yako hayatafuta ule moshi. Asubuhi nyingine njema yenye lebo ileile inaweza.

Lingine linaniuma zaidi. Kauli ikirudiwa huanza kusikika kuwa kweli. Hasher, Goldstein na Toppino walilionyesha mwaka 1977 kwa kuwapa wanafunzi baadhi ya kauli zilezile katika vikao vilivyoachana kwa wiki mbili. Kwa hiyo ukipita kila wiki ukisema mafuta yako yanaponya presha, kuna mama ataamini, na anaweza kuacha dawa zake. Usiseme kabisa. Sema alizeti ni ya msimu gani, imekamuliwa wapi, mafuta yamechujwa vipi. Hayo yarudie upendavyo.

Na nguvu hiyohiyo ya mazoea inakushika hata wewe. Mwenye mashine ya kukamua anayekukaribisha chai kila ukifika utamwona mkweli kuliko usiyemjua. Huenda ni mkweli kweli. Hata hivyo, kabla hujalipa, chagua mwenyewe dumu la katikati ya rundo, pasha kidogo kwenye sufuria palepale, uangalie povu.