Kwa nini damu ilikata yenyewe

Dada, umeuliza kwa nini kidole ulichojikata ukisafisha pweza Mikindani kiliacha kutoka damu kabla hujapata hata kitambaa. Ni kazi ya chembe sahani. Hizo si seli kamili, hazina kiini: ni vipande vinavyomeguka kutoka seli kubwa mno zilizo kwenye uboho wa mifupa, na huishi siku 7 hadi 10 tu. Zikitembea kwenye damu ni bapa, laini. Mshipa ukichanika zinanata pale pale, zinaota vimkono, zinaitana na kushikana mpaka tundu linazibwa. Kisha nyuzi za faibrini, protini ya kugandisha damu, zinakikaza kile kizibo kama wavu. Ila ukiwa umemeza aspirini, dada yangu, chembe zilizoguswa nayo haziponi, hivyo kwa siku kadhaa damu huchelewa kukata.